Deni na Sulhu: Kaa na Wanaokudai Kabla Hujatoroka

 

Kuna ndugu ambaye Ijumaa nne mfululizo hatukumwona. Tulidhani anaumwa. Kumbe mtu anayemdai huswali safu ya pili, naye anaogopa kukutana naye mlangoni. Deni limemtoa mtu katika jamaa! Kwa hiyo darasa la leo ni juu ya sulhu, yaani mapatano ya mdaiwa na wadai wake kabla mambo hayajafika kwenye kufilisiwa.

Kwanza tujue kufilisiwa. Madeni ya mtu yakizidi mali yake na wadai wakashitaki, kadhi humzuia asiuze wala asitoe kitu. Mali huuzwa, na kila mdai hupata kwa kadiri ya deni lake. Aliyeuza bidhaa, hajalipwa, na akaikuta kwa muflisi kama ilivyokuwa, ana haki ya kuirudisha. Katika madhehebu ya Imam Shafi, muflisi huachiwa nguo zake na chakula cha siku ile, yeye na watu wake. Sayyidna Umar (r.a.) alimfanyia hivyo mtu wa kabila la Juhayna, aliyekopa ili anunue ngamia wa bei kubwa apate kuwatangulia mahujaji. Aliwaita wadai waje asubuhi wagawane mali yake.

Hiyo ni haki. Lakini iko njia ya kabla yake. Kaab bin Malik alimdai Ibn Abi Hadrad, wakabishana msikitini mpaka sauti zikamfikia Mtume (s.a.w.) nyumbani kwake. Akafunua pazia, akamwita Kaab, akamwashiria kwa mkono apunguze nusu. Kaab akakubali. Palepale yule mwingine akaambiwa asimame alipe. Angalieni vizuri: mmoja alipunguza, na mwingine hakuambiwa aende akalale.

Nitawaeleza jambo tulilolisimamia sisi wenyewe. Muuza vitenge mmoja, mzigo wake ulizama Lualaba. Alidaiwa dola 1000: tajiri wa mzigo 500, shemeji yake 300, na mama mmoja mjane, muuza mawese, 200. Alibaki na dola 400 tu, na mashine moja ya kushonea. Alitaka kumlipa shemeji kwa siri, kwa sababu ya aibu ya ukweni. Tukamkataza. Ukimlipa mmoja gizani, umewaibia wawili wengine usingizi, na siku watakapojua hakuna atakayekuamini tena.

Tuliwakalisha wote baada ya Al-Asiri. Akafungua kaye yake, akasoma kila deni, hata lile ambalo mwenyewe alikuwa amelisahau. Zile 400 ziligawanywa kwa kadiri: tajiri 200, shemeji 120, mjane 80. Zikabaki 600.

Tajiri akasema: na mashine iuzwe. Bei ya sokoni ilikuwa kama dola 60. Mzee mmoja akamwuliza: ukiipata sehemu yako ya hizo 60, zinazobaki utazidai kwa mikono yake mitupu? Hapo tajiri akanyamaza kitambo, kisha akasamehe nusu ya 300 zake. Mashine ikabaki, na mtu akaanza kushona. Hukumu ya kufilisi ingeigawa mashine. Sulhu iliiacha ifanye kazi ya kulipa.

Yule mama hakusamehe hata franka moja. Msimlaumu. Wadai wa babake Jabir, aliyeuawa Uhud, waliombwa na Mtume mwenyewe wapokee tende za shamba na kusamehe zitakazobaki, wakakataa, naye hakuwalazimisha. Msamaha ni sadaka, haukamuliwi. Basi tulipanga mjane alipwe wa kwanza, dola 20 kila mwezi kwa miezi sita, na shemeji akakubali kungoja.

Tuliandika yote, mashahidi wakatia sahihi, kama tulivyoamrishwa katika Al-Baqara aya ya 282. Na aya ya 280 inamwamuru mdai amngojee mwenye dhiki mpaka apate wepesi. Lakini jihadharini: kuongeza muda ili deni liongezeke ni riba, hata mkiliita faini. Na mwenye uwezo anayechelewesha kwa makusudi asijifiche nyuma ya aya hii. Huyo ni dhalimu.

Wengine hukimbilia polisi. Mtu aliye kachoni hashoni wala hauzi, na franka za kumtoa hazimfikii mdai. Sheria ya OHADA, ambayo Congo iliingia mwaka 2012, nayo ina mlango wa mapatano mbele ya tribinali kwa mfanyabiashara ambaye bado hajaanguka. Ila muuza vitenge atatoa wapi franka za avoka?

Ndugu, aliyeelemewa na deni la halali asione haya. Wenye madeni wametajwa katika At-Tawba aya ya 60 kuwa na fungu lao katika zaka, na kamati imeambiwa ilitenge.

Kila Jumapili baada ya Al-Asiri tutakaa barazani pa msikiti. Mdaiwa aje na kaye yake yote, bila kuficha ukurasa. Mdai naye aje, hata kama hana nia ya kusamehe.