SOMO: KUREJEA KATIKA HAKI

Bismillahir Rahmanir Rahim

Itikadi nyingi humwingia mtu kabla hajaweza kuuliza dalili yake. Huzipokea kwa wazazi na waalimu, kisha akikua huzitetea kama kwamba amezichuma mwenyewe. Katika Surat Az-Zukhruf, Mwenyezi Mungu anawalaumu wale ambao hoja yao ni kuwa wamewakuta baba zao katika njia hiyo. Huku ndiko kufuata bila ya hujja.

MFANO KUTOKA JOHANNESBURG

Hekima huokotwa popote, hata kwa asiyekuwa Muislamu. Beyers Naudé alizaliwa mwaka 1915 Roodepoort, karibu na Johannesburg. Baba yake, kasisi, alikuwa miongoni mwa waasisi wa Broederbond, chama cha siri cha Makaburu kilichoundwa mwaka 1918. Mwana naye akawa kasisi, akaingia chama hicho mwaka 1940, na kwa miaka mingi hakupinga ubaguzi wa rangi, ambao wengi katika kanisa lake waliudai kuwa una msingi katika maandiko.

Msimamo huo haukuvunjika kwa siku moja. Aliyasoma maandiko upya, asiione dalili. Makasisi vijana waliowahudumia Waafrika na machotara walimweleza dhiki ya watu hao, akaenda kuitazama mwenyewe. Tarehe 21 Machi 1960 polisi waliwaua watu wasiopungua 69 huko Sharpeville. Mwezi wa Disemba wajumbe wa makanisa walikutana Cottesloe, Johannesburg, wakaukosoa ubaguzi. Serikali ilighadhibika, na kanisa lake likayakataa maazimio yale. Naudé hakurudi nyuma. Mwaka 1963 alikwisha kitoka chama kile, akaiacha na mimbari yake. Kuanzia 1977 hadi 1984 serikali ilimwekea marufuku. Baada ya miaka mingi kanisa lenyewe nalo liliuacha msimamo wake wa zamani.

MAZINGATIO

1. Taasubi hujificha. Mtu hudhani anaitetea dini, kumbe anatetea cheo na jamaa zake. Alama yake ni kumtukana mleta hoja badala ya kuijibu hoja.

2. Asiyejua na asimame. Ibadhi wamefundisha wuquf kwa mtu ambaye hali yake haijabainika: hapewi wilaya wala baraa. Adabu hii yafaa pia katika rai.

3. Kurejea si fedheha. Khalifa Umar (r.a.) alimuusia Abu Musa al-Ash'ari kuwa hukumu ya jana isimzuie kadhi kuirudia haki leo.

MASWALI YA NYUMBANI

(a) Mtoto akiuliza, “Kwa nini twaamini hivi?”, je, hupewa dalili au hukemewa?

(b) Ibadhi hawakuufunga uimamu kwa kabila moja. Wameutazama uchaji na uadilifu. Basi anayemdharau Muislamu mwenziwe kwa rangi au nasaba, dalili yake ameitoa wapi?

Wabillahi tawfiq.