Mkono na Aliyeutuma: Mwandishi Halisi kama Mhusika katika Bunilizi za Mauaji

Utangulizi

Mchana wa Jumamosi, tarehe 5 Julai 1969, Tom Mboya alipigwa risasi alipokuwa akitoka katika duka la dawa kwenye barabara ya Government Road, ambayo siku hizi ni Moi Avenue, jijini Nairobi. Mboya hukumbukwa kama waziri na kiongozi wa vyama vya wafanyakazi. Aghalabu husahauliwa kuwa alikuwa mwandishi pia: kitabu chake, Freedom and After, kilichapishwa mwaka 1963. Mwaka huohuo J.M. Kariuki alichapisha Mau Mau Detainee, kumbukumbu za maisha yake kizuizini. Naye aliuawa Machi 1975, na mwili wake ukapatikana Ngong. Kila mmoja aliandika maisha yake mwenyewe, lakini sura ya mwisho hakuweza kuiandika. Makala hii inachunguza jinsi fasihi ilivyojaribu kuijaza sura hiyo, na kwa nini mitaa ya Eastlands inafaa kuwa mahali pa kuisomea.

Mwandishi kama mpelelezi

Katika fasihi ya Ulaya na Marekani kuna mkondo wa riwaya za mauaji ya kihistoria ambamo mwandishi aliyeishi kweli hufanywa mhusika. Margaret Doody alimfanya Aristotle mpelelezi katika Aristotle Detective (1978). Katika The Dante Club (2003), Matthew Pearl aliwatuma washairi Longfellow, Lowell na Holmes kuwasaka wauaji katika jiji la Boston la mwaka 1865. Mantiki ya mkondo huu ni nyepesi: anayejua kusoma maandishi hudhaniwa kuwa anajua kusoma alama za uhalifu. Fumbo hufumbuliwa, mhalifu hutajwa, na msomaji hufunga kitabu akiwa ametulia.

Kiswahili nacho kina mpelelezi wake mashuhuri, Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyeanza kujulikana kwa riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale (1960). Hata hivyo, Bwana Msa ni mtu wa kubuni. Pale ambapo fasihi yetu imemchukua mtunzi anayeaminiwa kuwa aliishi kweli na kumtia katika kisa cha mauaji, imempa nafasi tofauti kabisa. Huyo ndiye anayeuawa.

Kielelezo cha Liyongo

Mfano wa kale ni Fumo Liyongo, shujaa wa pwani ya kaskazini ya Kenya ambaye pia anahesabiwa miongoni mwa washairi wa mwanzo wa Kiswahili. Katika utenzi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, Liyongo anauawa na mwanawe kwa kuchomwa sindano ya shaba kitovuni. Msikilizaji hana haja ya mpelelezi, kwani mkono uliochoma unajulikana. Uzito wa kisa umo katika swali jingine: ni nani aliyeutuma mkono huo, na kwa ahadi gani? Jibu ni mtawala wa Pate, aliyemwahidi kijana huyo binti yake.

Kithaka wa Mberia alilirejelea umbo hilo katika tamthilia ya Kifo Kisimani (2001). Mwelusi anaangamizwa na Gege, nduguye, huku utawala wa Mtemi Bokono ukiwa nyuma ya tendo hilo. Umbo hili, ambamo mkono unaonekana na aliyeutuma anajificha, ndilo linalofaa kuzisomea riwaya zinazogusa vifo vya Mboya na Kariuki.

Kutoka Pumwani hadi Ilmorog

Mboya alikuwa mtu wa Eastlands kwa maana ya kisiasa. Katika uchaguzi wa mwaka 1961 alishinda kiti cha Nairobi Mashariki kwa kura nyingi mno, na baadaye akawa mbunge wa Kamukunji. Ni katika mitaa hiyo ambako Marjorie Oludhe Macgoye anaianza riwaya yake, Coming to Birth (1986). Paulina, msichana wa miaka 16, anawasili Nairobi mwaka 1956, wakati wa hali ya hatari, kuishi na mumewe katika chumba cha Pumwani. Vifo vya Mboya na Kariuki vimo riwayani, lakini hakuna mpelelezi anayevichunguza. Vinaonekana kama vilivyowafikia watu wa kawaida: kwa habari, kwa minong'ono na kwa hofu. Mwanawe Paulina mwenyewe anauawa kwa risasi katika ghasia za Kisumu za Oktoba 1969. Kwa njia hiyo Macgoye anaiondoa kadhia ya mauaji mikononi mwa wakubwa na kuiweka katika maisha ya mama mmoja.

Ngũgĩ wa Thiong'o alichukua njia nyingine katika Petals of Blood (1977). Kwa sura ya nje hiyo ni riwaya ya upelelezi kamili: matajiri watatu wameuawa Ilmorog, washukiwa wanne wanahojiwa, na Inspekta Godfrey yupo kazini. Inspekta anampata aliyewasha moto, lakini msomaji anatambua kuwa ripoti yake haijagusa chanzo cha uovu wenyewe. Ndani ya riwaya hiyo pia yumo wakili mtetezi wa wanyonge ambaye anauawa. Wahakiki wengi wamemwona kuwa kivuli cha J.M. Kariuki. Ngũgĩ hakumtaja kwa jina, na uamuzi huo una maana: miaka miwili tu ilikuwa imepita tangu mauaji yale.

Tatizo la umbo

Riwaya ya upelelezi ya kawaida husimama juu ya imani kwamba ukweli ukishajulikana, mahakama itautamka. Katika kesi ya Mboya, Nahashon Isaac Njenga Njoroge alihukumiwa na kunyongwa mwaka 1969. Mkono ulipatikana, ila swali la aliyeutuma lilibaki vinywani mwa watu. Kuhusu Kariuki, kamati teule ya Bunge iliyoongozwa na Elijah Mwangale ilitoa ripoti mwaka 1975, lakini hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji hayo. Mwandishi anayefumbua kubuni fumbo ambalo taifa halikulifumbua anaweza kumhukumu asiye na hatia, au kuwapa wasomaji faraja ya uongo. Kwa upande mwingine, anayenyamaza anashiriki katika kusahau. Macgoye na Ngũgĩ wanaonyesha njia ya tatu: kueleza uzito wa kifo bila kujifanya hakimu.

Hitimisho

Makala hii imeonyesha kuwa tofauti baina ya mikondo hii miwili imetokana na historia. Kule mwandishi hupewa taa ya mpelelezi; huku amelazwa chini, na taa imebaki mikononi mwa msomaji. Riwaya zilizojadiliwa zimeandikwa kwa Kiingereza, ilhali mazungumzo ya Pumwani, Kaloleni na Shauri Moyo kuhusu vifo hivyo yalifanyika pia kwa Kiswahili. Utenzi wa Liyongo unathibitisha kuwa lugha hii ina umbo la kukibeba kisa cha namna hiyo. Ni wajibu wa watunzi wa Kiswahili kulitumia.

Maswali ya mjadala

1. Linganisha nafasi ya mwana katika Utenzi wa Liyongo na ya Gege katika Kifo Kisimani. Je, msaliti ni mhalifu au ni chombo?
2. Je, mtunzi ana haki ya kumtia maneno kinywani mtu aliyeuawa ambaye jamaa zake wangali hai? Jadili.
3. Bwana Msa angefaulu katika kadhia ya mwaka 1969? Toa sababu.