Mtawanyiko wa Nuru: Kupima Ukubwa wa Chembe Zinazoelea Majini

Maelezo

Wakati wa masika, mvua husomba udongo wa mashamba ya miteremko ya Uluguru. Mto Ngerengere huuingiza katika Bwawa la Mindu, ambalo huupatia mji wa Morogoro maji. Mchanga hutuama upesi, lakini chembe laini za udongo huweza kuelea kwa siku nyingi. Vijidudu hujificha ndani ya chembe hizo, na klorini isivifikie vizuri. Kwa hiyo kabla ya kutibu maji hupimwa mambo mawili:

1. Wingi wa tope. Kifaa hupima nuru iliyotawanywa kwa pembe ya 90° na mwale. Kipimo chake ni NTU.
2. Ukubwa wa chembe. Mwale wa leza ukipita kwenye maji yenye chembe chache, nuru hupinda kandokando ya chembe na kuchora pete za mwanga na giza kwenye skrini. Kadiri chembe zinavyokuwa ndogo, ndivyo pete zinavyopanuka.

Kwa pembe ndogo:

d = 1.22λL ÷ r

d ni kipenyo cha chembe, λ urefu wa wimbi, L umbali hadi skrini, na r nusukipenyo cha pete ya kwanza ya giza.

Mfano

Leza ya λ = 650 nm ilipitishwa kwenye maji ya mto yaliyochujwa mchanga. Skrini ilikuwa umbali wa m 2.0, na r = cm 8.0. Tafuta d.

Jibu

d = 1.22 × 650 × 10⁻⁹ × 2.0 ÷ 0.080
d = 1.98 × 10⁻⁵ m, yaani takriban mikromita 20.

Angalizo

- Badili nm na cm kuwa mita kwanza. Wengi hupoteza alama hapa.
- Chembe zikitofautiana sana ukubwa, pete hufifia. Jibu huwa la wastani tu.
- Usitazame mwale wa leza moja kwa moja.

Jipime

1. Kwa nini mwale wa tochi huonekana ndani ya maji ya tope, lakini si ndani ya maji ya chumvi?
2. Katika mfano, r ikiwa cm 16, d ni ngapi?

Majibu: (1) Chembe za tope ni kubwa kiasi cha kutawanya nuru, za chumvi iliyoyeyuka ni ndogo mno. (2) Takriban mikromita 10.