Njia au Upokezanaji? Istilahi za Kueleza Kipokezi cha Seli T na Uamshaji wa Jeni

1.0 Utangulizi

Istilahi isiyofaa haiishii kuudhi sikio tu, bali humfundisha mwanafunzi jambo lisilo la kweli. Makala haya yanachunguza istilahi mbili za elimu ya kinga ya mwili, yaani 'kipokezi' na 'njia ya ishara', kwa kuzilinganisha na utendaji wa seli T, ambayo ni aina mojawapo ya chembe nyeupe za damu.

2.0 Kipokezi na Kazi Yake

Kwa uundaji wake, nomino 'kipokezi' hutokana na kitenzi pokea, kama vile 'mlezi' litokanavyo na lea na 'mtetezi' na tetea. Kipokezi cha seli T hukaa kwenye utando wa seli. Hutambua kipande cha protini, kwa mfano cha virusi, kinachoonyeshwa na seli nyingine. Hata hivyo, kinachoiamsha jeni si kipande hicho. Vimeng'enya vilivyo chini ya utando hupachika fosfati kwenye protini jirani. Kisha ioni za kalsiamu huongezeka ndani ya seli na kuamsha kimeng'enya kiitwacho kalsinurini. Hicho nacho huiondolea fosfati protini ya NFAT, ambayo ndipo huingia katika kiini na, ikishirikiana na protini nyingine, huiamsha jeni ya intaleukini-2. Zao la jeni hiyo huzichochea seli T kugawanyika.

3.0 Mjadala

Neno 'njia' humfanya msomaji adhani kuwa kitu kimoja husafiri tangu utandoni hadi kiinini. Sivyo. Hali hii yafanana na vijiji vinavyopashana habari kwa ngoma: ngoma hazihami, habari ndiyo ifikayo. Kiswahili tayari kina kitenzi pokezana, kinachosisitiza zamu wala si safari, nacho ni cha mnyambuliko mmoja na 'kipokezi'.

Ushahidi hupatikana katika siklosporini, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1983 ili mwili usikatae kiungo kilichopandikizwa. Mwaka 1991 ilibainishwa kuwa dawa hiyo, ikiungana na protini ya ndani ya seli, huzuia kalsinurini. Kipokezi bado hupokea, na kalsiamu bado huongezeka, lakini zamu hukatika na jeni haiamshwi. Ndiyo maana mgonjwa aitumiaye hupungukiwa kinga dhidi ya maradhi.

4.0 Hitimisho

Inapendekezwa kuwa 'upokezanaji wa ishara' itumike badala ya 'njia ya ishara'. Kwa istilahi hiyo, mwanafunzi atajua mapema kwamba kupokea ni mwanzo tu wa kazi.