Kinachoteleza Ndani ya Giaboksi

Ukiingia kwenye shoruumu yoyote ya Nairobi kuulizia SUV ndogo, muuzaji atakueleza kwa kina kuhusu paa la kioo, skrini ya dashibodi na viti vya ngozi. Akifika kwenye giaboksi atasema "ni otomatiki" na kufungua ukurasa mwingine. Kwa maoni yangu, hapo ndipo pangestahili kukaliwa muda mrefu kuliko pote. Magari mawili yanayoitwa otomatiki huweza kuwa mashine tofauti kabisa ndani, na anayetoka mjini kila jioni kuelekea Kangemi, Lavington au Dagoretti Corner ataiona tofauti hiyo mapema kuliko mtu wa barabara tambarare isiyo na foleni.

Tuanze na injini. Injini ya petroli haiwezi kuzunguka polepole mno. Ikishuka chini ya mizunguko 600 hivi kwa dakika, huzima. Gurudumu nalo halina budi kuanza na sifuri. Chukua gari la kilo 1,500 ambalo gurudumu lake, kutoka katikati hadi lami, ni sentimita 35. Kila mzunguko mmoja wa gurudumu hulisogeza gari mita 2.2. Kwenye foleni ya Haile Selassie Avenue unakwenda kilomita 5 kwa saa, mwendo wa mtembea kwa miguu, na gurudumu linazunguka mara 38 kwa dakika. Katika gia ya kwanza injini huzunguka takriban mara 14 kwa kila mzunguko wa gurudumu. Zidisha 38 kwa 14, upate 532. Kama injini na gurudumu vingekuwa vimeshikana barabara, gari lingekuwa limeshazima.

Halizimi kwa sababu kuna mahali, kati ya injini na gurudumu, ambapo kitu kinateleza. Upande mmoja unazunguka haraka, wa pili polepole, huku wa kwanza ukiuvuta wa pili. Kila kinachoteleza huku kimebanwa hutoa joto, kama viganja vinavyosuguliwa asubuhi ya Julai. Kwa hiyo maswali ya kwanza ya mnunuzi wa Nairobi ni mawili: katika giaboksi hii ni nini kinachoteleza, na joto lake linakwenda wapi?

Joto hilo linapimika. Gari letu likitoka sifuri hadi kilomita 10 kwa saa, mwendo ambao gia ya kwanza inaweza kushikana kabisa, linapata nishati ya mwendo ya kilojuli 5.8. Kanuni za fizikia zinaonyesha kwamba klachi inayoteleza wakati injini inazunguka kwa kasi ileile hubaki na joto lililo sawa na nishati hiyo. Kilojuli 5.8 zinatosha kupandisha joto la kilo moja ya chuma kwa karibu digrii 13. Mara moja si kitu. Lakini kutoka Kenyatta Avenue hadi Westlands saa kumi na mbili jioni unasogea na kusimama mara nyingi sana, na chuma hakipati nafasi ya kupoa kati ya mara moja na nyingine.

Sasa ongeza mlima. Mito ya Nairobi hutiririka kutoka magharibi kwenda mashariki na imechonga mabonde. Ndiyo maana barabara zinazoyakatiza, kama Ring Road Kileleshwa na James Gichuru, hushuka hadi kwenye daraja kisha zikapanda, na foleni haichagui pa kusimama. Kwenye mteremko wa asilimia 10, uzito wa gari letu unalivuta nyuma kwa nyutoni 1,470. Dereva akilizuia lisirudi kwa kukanyaga mafuta kidogo badala ya breki, huku injini ikizunguka mara 800 kwa dakika, kinachoteleza hupokea joto la kilowati 3. Maana yake ni kwamba kila sekunde mbili za kuning'inia hivyo zina joto la kuondoka mara moja kamili, na gari halijasogea hata hatua.

Tofauti za giaboksi zinaanzia hapa. Katika manuali kinachoteleza ni sahani kavu ya klachi, na joto lake linaishia kwenye chuma na hewa iliyofungiwa pale ndani. Sahani hiyo huisha, lakini fundi wa Kawangware anaijua na kuibadilisha si jambo la ajabu. Giaboksi ya klachi mbili ni manuali mbili ndani ya ganda moja, kompyuta ikishika kazi ya mguu wa kushoto. Volkswagen walileta sokoni ya gia 6 mwaka 2003, klachi zake zikiwa ndani ya oili, kisha 2008 wakatoa ya gia 7 yenye klachi kavu. Kwenye barabara kuu zote mbili ni tamu na hazipotezi mafuta. Kwenye foleni ya mlimani haziko sawa hata kidogo, kwa sababu oili hubeba joto na kulitoa pale lilipozaliwa, ilhali klachi kavu hubaki nalo. Mimi nisingenunua yenye klachi kavu kwa ajili ya safari ya kila siku ya Kangemi.

Otomatiki ya jadi hutatua tatizo kwa njia iliyobuniwa na Mjerumani Hermann Föttinger mwaka 1905 kwa ajili ya meli. Magurudumu mawili yenye mapanga hutazamana ndani ya oili bila kugusana. La injini huirusha oili, la giaboksi huipokea na kusukumwa nayo. Kati yao huwekwa la tatu, linaloielekeza upya oili inayorudi, na kwa hilo nguvu ya kuzungusha huongezeka hadi karibu maradufu gari linapoondoka. Mafundi huuita mfumo huo wote toki konveta. Kinachoteleza hapa ni oili yenyewe, haina sahani ya kulika, na joto lake husukumwa hadi kwenye kipoozaji. Gari likishika mwendo, klachi ndogo ya ndani huliunganisha gurudumu la injini na la giaboksi ili mafuta yasipotee. Mazda CX-5 ya gia 6 imejengwa hivi, na klachi yake hufunga mapema sana.

CVT, iliyomo katika Nissan X-Trail na Subaru Forester nyingi zinazoonekana hapa mjini, haina gia za meno za kubadilisha. Ina mkanda au mnyororo wa chuma unaopita kati ya jozi mbili za sahani zenye umbo la pia. Sahani zikikaribiana au kuachana, uwiano hubadilika bila ngazi. Magari hayo mawili yana toki konveta mbele ya mkanda, kwa hiyo kuondoka kwenye foleni si shida yao. Mtihani wao ni mwingine: mkanda haushiki kwa meno, unashika kwa kubanwa dhidi ya chuma ndani ya oili maalumu. Kupanda kwa muda mrefu hadi Limuru, watu watano ndani na mizigo nyuma, ndiko kunakoipasha moto oili hiyo.

Hata hivyo CVT ina neema yake katika jiji lililo mita 1,800 hivi juu ya bahari. Shinikizo la hewa hapa ni karibu asilimia 80 ya lile la Mombasa. Injini isiyo na turbo huchoma mafuta kulingana na hewa inayoivuta, hivyo yenye lita 2 hapa inapumua kama ya lita 1.6 pwani. Tuseme inabakiwa na nyutoni-mita 160. Katika gia ya juu kabisa, ambapo injini huzunguka mara 2.6 tu kwa mzunguko mmoja wa gurudumu, nguvu inayofika kwenye lami ni nyutoni 1,190, nao ule mteremko wetu unadai 1,470. Gari halipandi mpaka gia ishuke. CVT hulifanya hilo bila kusitasita: huiacha injini izunguke haraka inavyohitajika na kuishikilia pale. Mngurumo mrefu unaowaudhi wengi ndio huo. Turbo hurudisha sehemu kubwa ya hewa iliyopotea, ila huhitaji moshi wa kutosha ili izunguke, kwa hiyo katika mwendo wa kunyata injini ndogo ya turbo bado ni injini ndogo.

Haibridi ya Toyota, ukoo ulioanza na Prius mwaka 1997 na ambao RAV4 Hybrid imeurithi, inalikwepa swali lenyewe. Mota ya umeme hutoa nguvu yake yote ya kuzungusha ikiwa imesimama, kwa hiyo gari huondoka bila klachi wala toki konveta, huku injini ikiweza kuzimwa kabisa. Kwa foleni za Nairobi sijaona jibu bora kuliko hilo, na kama bajeti inaruhusu kitu kimoja cha ziada, fedha ziende huko kabla ya paa la kioo.

Vitu vingine vya ziada ni vyepesi kuamua. Magurudumu manne yanayoendeshwa hayaongezi nguvu ya injini, yanaongeza mshiko tu. Kwenye tope linaloshika kwa moja ya tano ya uzito, gari linaloendeshwa na magurudumu ya mbele pekee, ambalo asilimia 60 ya uzito wake iko mbele, haliwezi kuvuka mteremko wa asilimia 12. Linaloendesha yote manne hufika karibu 20. Mwenye shamba Kikuyu au Ngong ayachukue. Anayelala Kilimani na kufanya kazi Upper Hill atakuwa anabeba chuma cha bure, kwani hayamsaidii kufunga breki. Rimu za inchi 19 badala ya 17 hupunguza ukuta wa tairi kutoka sentimita 13 hadi 11, na ukuta huo ndio unaopokea kishindo cha shimo kabla ya rimu.

Unapokwenda kulijaribu gari, kataa saa nne asubuhi. Omba jioni, uteremke bonde la Kileleshwa na kupanda upande wa pili ndani ya foleni. Sikiliza kama kuna mtetemo gari linaponyata. Ukiangukia klachi mbili, subiri nafasi ya urefu wa gari ifunguke mbele ndipo uondoke, kisha usimame kabisa kwa breki. Kabla ya kutia sahihi, fungua kitabu cha gari kwenye ratiba ya oili ya giaboksi. Vitabu vingi vina ratiba ya pili, fupi zaidi, kwa magari yanayofanya kazi katika hali ngumu: milima, joto, kusogea na kusimama. Hiyo ndiyo yako. Andika aina kamili ya oili, kwa kuwa maduka ya spea ya Kirinyaga Road huuza ya CVT na ya otomatiki ya kawaida, na moja haifanyi kazi ya nyingine.