Kijiji kikishambuliwa Rurambo: uanzie wapi?

Tangu 2017 vijiji vingi vya Rurambo na milima mingine ya Uvira, Kivu Kusini, vimechomwa, ng'ombe wakanyang'anywa, watu wakashuka bonde la Ruzizi na mikeka kichwani. Huko bondeni nako, Mutarule, watu zaidi ya 30 waliuawa usiku mmoja wa Juni 2014. Serikali imejibu zaidi kwa bunduki: kwetu operesheni ya jeshi iitwayo Sukola 2, na kule Ituri na Kivu Kaskazini utawala wa kijeshi tangu Mei 2021. Bunduki hairudishi mabati yako. Haki yako utaifuata mwenyewe, kwa karatasi.

Waliojeruhiwa kwanza. Aliyebakwa afike kituo cha afya kabla ya saa 72 kupita, kwa sababu dawa ya kuzuia ukimwi ikichelewa haisaidii. Ikiwezekana asioge, wala asifue nguo alizovaa. Baadhi ya vituo hupewa dawa hizo na mashirika ili vizitoe bure, basi uliza kabla ya kulipa. Omba pia cheti cha daktari.

Kisha andika, daftari la mtoto wa shule linatosha: tarehe, saa, majina ya waliokufa, idadi ya ng'ombe, nyumba. Na washambuliaji? Andika ulichokiona: nguo, silaha, lugha waliyosema, njia waliyotokea. Usiandike kabila kwa kukisia. Huku milimani kukisia kumeshaua watu wasio na kosa.

Daftari hilo mwonyeshe chefu wa kijiji au wa grupma (vijiji kadhaa pamoja), atie sahihi. Halafu ulipeleke Uvira kwa auditora, yaani mwendesha mashtaka wa jeshi, anayefuatilia makosa ya askari na ya makundi yenye silaha. Kutoa malalamiko hakulipiwi. Gharama yako ni safari. Ukihitaji wakili na huna pesa, ulizia ofisi ya mawakili ya ushauri wa bure.

Utasema: nani atamgusa mkubwa wa jeshi? Januari 2011 wanawake wa Fizi walibakwa na askari. Mwezi uliofuata mahakama ya kijeshi ilihamia kwa muda Baraka, hukohuko Fizi, ikamhukumu luteni kanali Kibibi Mutware miaka 20. Mara nyingi mambo huchelewa kuliko hivyo, lakini uhalifu dhidi ya binadamu haufutiki kwa miaka kupita.

Fidia ni mlango mwingine. Sheria ya 26 Desemba 2022 iliunda FONAREV, mfuko wa taifa wa kulipa fidia wahanga wa ubakaji wa vitani na uhalifu mkubwa. Sehemu ya pesa zake hutoka kwenye kodi ya madini. Usiuchanganye na FRIVAO ya Kisangani, inayogawa pesa za Uganda kwa wahanga wa jeshi la Uganda. Wanaoandikisha wahanga wakifika, nenda mwenyewe na vyeti vyako. Anayekuomba dola za kukuingiza kwenye orodha ni mwizi.

Piga picha kila ukurasa wa daftari, umtumie ndugu anayekaa mbali. Zaidi ya safari ya kwenda kwa auditora, daftari lenyewe usilibebe ukipita vizuizi vya barabarani.