Doom kwenye Arduino?

SWALI: Nina bodi ya Arduino Uno na kioo kidogo cha OLED. Vijana wenzangu wananicheka nikisema nitaingiza mchezo wa Doom humo. Inawezekana? – Msomaji, Mugumu, Serengeti

JIBU: Kwa Uno, wenzako wako sahihi. RAM yake ni baiti 2,048 tu, wakati picha moja ya Doom, nukta 320 kwa 200, inameza baiti 64,000. Mwaka 1993 mchezo huo ulidai kompyuta yenye RAM ya MB 4.

Ila usiitupe bodi. Mchezo wa Tetris unaingia bila shida: uwanja wake ni visanduku 200, na kila kimoja ama kina kitu ama ni kitupu, yaani biti 200, sawa na baiti 25. Kinachobana ni kioo. Kama ni cha nukta 128 kwa 64, picha nzima inakula baiti 1,024, nusu ya RAM yote. Chora kipande kwa kipande; maktaba ya U8g2 inafanya hivyo, na baiti 128 zinatosha.

Ukiing'ang'ania Doom, tafuta bodi ya Raspberry Pi Pico. Ina RAM ya KB 264 tu, lakini mtaalamu wa programu Graham Sanderson aliibana sehemu ya bure ya mchezo ikakaa kwenye flashi ya MB 2, na data inasomwa humohumo bila kunakiliwa kwenye RAM. Kazi ya kichwa kweli!